Habari za Kinyozi Gharika na Bromelia ya Dirishani

Sogeeni, enyi wenye masikio na wenye subira, sogeeni mkae kitako. Na wewe uliyesimama mlangoni, ama uingie ama utoke, maana habari hii haisimuliwi penye upepo. Wengine wamewapeni habari za wafalme, za majeshi yaliyovuka milima, za miji iliyozingirwa hata wenyeji wakatafuna viatu vyao. Mambo madogo hayo! Mimi nakuleteeni habari za mtu aliyetoka kwake asubuhi ya Jumamosi mikono mitupu, akarudi na ua ndani ya chungu. Mnacheka? Chekeni tu. Mbele huko mtanyamaza wenyewe.

Shujaa wetu alikuwa kinyozi. Na kinyozi gani! Bwana wa Mashine Tatu, Msawazishaji wa Visogo, Mnyoosha Ndevu Zilizopotoka, ambaye katika kibanda chake chenye kioo kimoja na viti viwili hajapata kutoka mtu na sikio lililopungua. Mkono wake juu ya kichwa cha binadamu ulikuwa mwepesi hata wateja wakasinzia. Lakini juu ya mmea, ole wetu! Juu ya mmea mkono ule ule uligeuka ukawa masika. Alimwagilia asubuhi kabla ya kwenda kazini, akamwagilia mchana aliporudi kula, akamwagilia jioni kwa kuwa huenda yale maji ya mchana hayakutosha. Na mmea ukilegea majani kwa kulewa maji, yeye aliuonea huruma, akasema, "Maskini, una kiu," akauongezea jagi zima. Kwa hiyo ukoo wa mkewe, ukoo usiokawia kumpa mtu jina, ukamwita Gharika.

Walianguka mbele yake wengi wenye sifa. Ulianguka mshubiri, mwana wa jangwa, aliyezoea kungoja mvua kama wengine wanavyongoja pensheni. Ukaanguka mwaridi ungali na vitumba vyake. Ikaanguka dungusi yenye miiba, ambayo muuzaji alikuwa ameapa kwamba haifi hata ikisahauliwa. Na kweli haikufa kwa kusahauliwa, ilikufa kwa kukumbukwa. Wa mwisho kuanguka ulikuwa mmea wa majani mapana ambao mama mkwe aliuotesha kwa mkono wake mwenyewe, akampa binti yake apambie nao sebule. Huo ulielea kwanza, halafu ukazama.

Sasa mkewe alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, mwanamke wa sauti ya chini na mikono isiyotetemeka. Alirudi kutoka zamu, akapiga magoti mbele ya zawadi ya mama yake, akaligusa shina, likabaki mkononi. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! Alicheka kidogo tu, akasema:

"Basi mume wangu, usihangaike tena. Dada ataleta maua ya plastiki Jumamosi. Yale hata ukiyamwagilia hayana habari."

Ewe msikilizaji, maneno hayo yalimchoma kinyozi hata wali ukamshinda. Hakuchomwa na plastiki. Alichomwa na ule upole. Mwanamke yule alikuwa hana tena hata lawama. Alikuwa amemkatia tamaa, kama mtu anavyoikatia tamaa redio mbovu akaifunika kitambaa. Na yeye alitaka jambo moja tu chini ya jua: mkewe amwachie kitu chenye uhai, kisha aende zake bila kugeuka kukitazama.

Hata Jumamosi ilipopambazuka, alikuwa kibandani na mteja kitini, mashine inanguruma, nusu ya kichwa imekwisha na nusu bado. Ghafla akaizima mashine, akainyanyua juu kama upanga, akanena mbele ya kioo:

"Sikilizeni, enyi mafuta na enyi vitana! Leo plastiki haitaingia nyumbani mwangu. Nitakwenda kwenye kitalu cha maua, nitasimama mbele ya kila chungu, nitautafuta mmea mmoja ambao mkono wangu hauwezi kuuangamiza. Mmea wa rangi! Mmea wa kudumu! Na nisipoupata, niitwe Gharika mpaka kaburini!"

Mteja akamtazama kupitia kioo. "Kila la heri, kaka," akasema, "lakini kwanza nimalizie huku kushoto."

Akammalizia. Maana hata katika kufa na kupona, kazi ni kazi.

Kitalu kilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, chini ya wavu mweusi uliokata jua vipande vipande. Humo majeshi ya maua yalikuwa yamejipanga safu kwa safu: huku waridi waliovaa mavazi ya harusi, huku okidi wenye kujidai, kule makangaga laini ya kivulini yakimpungia, "Tuchukue, tuchukue." Akameza mate, akajikaza, akapita. Alijua kwamba kila mmoja wao angekuwa marehemu kabla ya mwezi kuandama.

Mwenye kitalu alikuwa mama mmoja wa aproni na viatu vya mvua, mpira wa maji begani kama nyoka aliyefugwa, na sauti iliyoweza kusikika mpaka pampu za petroli. Watu walimwita Mama Kitalu, naye aliitika. Kinyozi akasimama mbele yake, akaweka mkono kifuani.

"Shikamoo, mama. Unamwona mtu aliyechafuka mikono kwa utomvu wa wasio na hatia. Nimekuja kutubu, tena nimekuja kununua."

"Marahaba. Unataka la ndani au la nje?"

"La ndani, mama. Sebuleni, karibu na dirisha, ambapo jua la asubuhi huchungulia kidogo kisha likabaki nuru tu."

"Na wewe huwa unaua kwa kiu au kwa maji?"

Kinyozi akainamisha macho. Hata mpira wa maji ukaacha kudondosha.

"Kwa maji," akasema kinyozi, akaona haya mpaka masikioni.

"Mengi?"

"Mama, nisamehe, usiniulize mbele za maua."

Mama Kitalu akaguna, akashika njia ya kona ya mwisho. "Njoo huku. Wewe unahitaji bromelia."

Na hapo, ndugu zangu, macho yakamtoka kinyozi. Palikuwa na rangi pale ambazo alidhani hutoka kwenye makopo ya mpaka rangi tu. Nyekundu ya pilipili, chungwa la machweo, waridi iliyokolea, zambarau, manjano kali. Na kila moja imesimama katikati ya majani magumu yenye kung'aa, mengine yana mistari ya fedha, mengine yamekolea kijani kibichi. Akauliza kwa sauti ya mtu aliye hekaluni, "Hawa ni akina nani?"

"Ndugu zake nanasi," akajibu Mama Kitalu. "Ila nanasi alikuja kuliwa, hawa wamekuja kutazamwa. Rangi yake huyu utakaa nayo miezi na miezi. Mwaridi atakuja, atakwenda, wewe bado unamwangalia huyu. Sasa chungulia hapa katikati. Unaona majani yalivyoshikana chini? Yamefanya kikombe. Humo ndimo anamonywea. Mizizi yake ni ya kujishikia tu, usiiloweshe, itaoza. Unatia maji kwenye kikombe, basi."

"Yaani ana kikombe chake mwenyewe?"

"Anacho."

"Na kikijaa?"

"Unaweka jagi chini, unaondoka."

Kinyozi akayarudia maneno hayo kimoyomoyo. Kuweka jagi chini aliweza. Kuondoka, hapo ndipo penye kazi.

"Haya, chagua," akasema Mama Kitalu, naye akarudi kwenye mpira wake, maana alikuwa mtu asiyependa kubembeleza wateja.

Sikilizeni basi uchaguzi ule, uliokuwa mkali kuliko chaguzi zote. Kwanza alisimama mbele ya bromelia nyekundu iliyochanua yote, kubwa, yenye makeke, inayopiga kelele kwa rangi. Mkono wake ukaenda. Lakini kinyozi wa kweli hatazami nywele, hutazama ncha. Na jicho la kazi likaziona ncha zimekauka, na moyo wa ua umeanza kupauka. "Wewe," akaiambia, "ulikuwa mrembo mwezi uliopita." Akaiacha. Ya pili ilikuwa ya zambarau, na uzuri wake haukuwa na mfano. Akaitikisa kidogo, nayo ikacheza chunguni kama jino la mtoto. Akaiacha. Ya tatu ilikuwa na majani ya mistari ya fedha na kingo zenye miiba, akainyooshea mkono kwa mapenzi, nayo ikamchoma kidole gumba. Damu ikatoka! Tone moja, lakini damu ni damu. Akanyonya kidole, akasema, "Umeshinda, shujaa," akasonga mbele. Ya nne akaiinamia akanusa kikombe chake, kikanuka kama chombo cha maua kilichosahauliwa sikukuu nzima. Akarudi nyuma hatua kadhaa akipepea pua.

Ndipo nyuma ya zote, imebanwa ukutani, akaiona. Ilikuwa haijachanua vizuri. Upanga wake mwekundu ndio kwanza unachomoza katikati, majani yake imara, wala haikupiga kelele. Akaweka kiganja juu yake kama anavyowekea kichwa cha mteja mpya. Akakizungusha chungu polepole, akatazama mbele, akatazama kisogoni. Shina imara. Kikombe safi, maji yake hayanuki. Ncha nzima.

"Kichwa hiki," akatangaza kinyozi mbele ya majeshi yote yaliyoshindwa, "bado kina mengi mbele yake!"

Mama Kitalu akageuka, kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Umechagua vizuri. Wengi wanachukua lililokwisha kuchanua, halafu wanarudi kunigombeza mimi."

Akalipa, akaikumbatia, akaondoka. Na njiani yakampata majaribu. Fundi wa viatu akainua macho akauliza, "Nanasi hilo umelitoa wapi?" Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya benki wakamwambia, "Baba, umelichuma changa, halitaiva hilo." Kwa kila mmoja alisimama akatoa hotuba juu ya ukoo wa mananasi na tawi lake la kifalme, hata jua likafika utosini naye bado hajavuka barabara.

Kumbe nyumbani adui alikwisha kuingia. Dada mtu, shemeji yake, Amiri wa Plastiki, alikuwa amesimama katikati ya sebule, kwapani amebana shada la waridi za buluu zisizopata kuota popote duniani. Mwanamke huyu nyumba yake nzima ilikuwa bustani isiyojua mvua. Kila Jumamosi aliyakusanya maua yake yote, akayatia kwenye beseni la sabuni ya unga, akayasugua kwa brashi, akayaanika kwenye kamba kama soksi. Alipomwona kinyozi mlangoni na kile alichobeba, akapiga kigelegele.

"Shemeji! Hatimaye umepata akili! Ameleta la plastiki mwenyewe! Tena la daraja la juu, jamani, tazameni linavyong'aa!"

"Shemeji," akasema kinyozi, "huu ni mmea hai."

"Mmea gani mwekundu namna hii?" Akalipiga jani kwa kucha: tk, tk. "Sikia linavyolia. Plastiki naijua mimi. Nimelala nayo, nimeamka nayo."

Mkewe akatoka chumbani, sare ya kazi tayari mwilini, anatafuta viatu. Akaja akaligusa jani gumu lenye kung'aa, akamtazama mumewe kwa huruma kubwa, akasema kwa sauti ile ya chini, "Umefanya vizuri, mume wangu. Kumbe ulinielewa."

Hapo kinyozi akakikaza chungu kifuani. Alipigana na miiba, alipigana na foleni ya benki, lakini kusifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na mke anayempenda, lilikuwa pigo asilokuwa na ngao yake. Akafungua kinywa atoe hotuba ya maisha yake. Shemeji hakungoja.

"Plastiki mpya haikai sebuleni kabla ya kuoshwa," akasema, akamnyang'anya chungu. "Ina vumbi la dukani." Huyoo, jikoni! Na jikoni beseni lilikuwa tayari, povu limefura mpaka ukingoni.

Ikawa patashika nguo kuchanika. Kinyozi akaruka kochi, akamfikia kati ya jokofu na sinki, akashika chungu upande huu, shemeji upande ule. Akavuta huyu, akavuta huyu. "Achia, shemeji, utaumwagia sabuni, nao mmea utakufa!" "Achia wewe, ni vumbi tu!" Mfuniko wa sufuria ukaanguka ukapiga kengele ya vita. Waridi za buluu zikachomoka kwapani zikatawanyika sakafuni. Na chungu kilipoinama juu ya beseni, kutoka ndani kabisa ya kikombe cha bromelia, mpangaji aliyekuwa amelala humo tangu kitaluni akaona nyumba yake inapinduka, naye akatoka kuuliza kuna nini.

Chura! Mdogo, wa kijani, macho yamemtoka. Akaruka, akatua begani kwa Amiri wa Plastiki, akasema neno moja: "Kroo."

Mimi sikuwako, lakini majirani wanasema sauti ya shemeji ilisimamisha mashine ya kusaga. Chungu akakiachia, kinyozi akakipokea kifuani. Shemeji alikuwa juu ya kiti cha jikoni, jinsi alivyopanda hajui yeye wala hatujui sisi, amekunja gauni, anapiga mbiu: "Mtoeni! Mtoeni! Plastiki gani hii yenye wanyama?"

Mkunga akaja bila haraka. Akamchukua chura kwa viganja viwili, kama anavyopokea wengine kila siku, akamtoa nje chini ya bomba. Akarudi, akamtazama mumewe aliyekuwa ameloa kifua kizima, amekumbatia chungu, hatikisiki. Akacheka. Safari hii akacheka mpaka akashika mlango.

"Kumbe ni mmea kweli," akasema.

"Nilikuwa nataka kukwambia," akasema kinyozi.

"Sawa, ni mmea!" akanguruma shemeji kutoka juu ya kiti. "Lakini Gharika ni Gharika. Ataumaliza."

Mkunga akakipokea chungu. Aliiweka bromelia dirishani, akabeba mkoba wake, akaenda zamu. Ila alipofika mlangoni aligeuka akaitazama. Kinyozi aliliona jicho lile, likamkaa rohoni.

Kuanzia hapo vikaanza vita virefu, vita visivyo na kelele, vya mtu na mkono wake mwenyewe. Alisimama mbele ya dirisha, jagi mkononi, akachungulia kikombe: kimejaa. Mkono ukawasha. Akasema kwa sauti, "Weka chini. Ondoka." Akaweka chini, akafika mlangoni, akarudi, akachungulia tena: kimejaa vile vile. Safari moja alikwisha kuinamisha jagi, tone linaning'inia mdomoni mwa jagi, akayageuzia maji kinywani akayanywa yeye. Naam! Akanywa jagi zima, akaenda kazini tumbo linamcheza kama kiriba cha maji. Na bromelia ikapandisha upanga wake juu, ukafunguka, ukawa mwekundu, ukabaki mwekundu. Mvua zikaja zikapita, bado mwekundu. Shemeji kila alipokuja alilipiga jani kwa kucha, akaguna, akakaa mbali nalo.

Kisha siku ikafika, maana siku hizo hazikosi kufika. Kinyozi aliamka akaona rangi inapauka kutoka nchani. Siku zilizofuata ikashuka chini, na majani ya nje yakawa manjano. Chai ikamshinda. Akamnyoa mteja kimya kimya hata mteja akamuuliza kama kuna msiba. Asubuhi mkewe aliporudi kutoka zamu ya usiku, akamkuta amekaa sakafuni chini ya dirisha, ameshika tama.

"Mke wangu," akasema, na sauti haikuwa ya hotuba tena. "Nimeua tena. Sikuzidisha maji, naapa kwa mkono huu. Nilifanya kila nilichoambiwa. Lakini naona inakufa. Nadhani ni mimi tu. Mwambie dada alete yale ya buluu."

Mkunga akaweka mkoba chini. Akafungua pazia lote. Akapiga magoti kama alivyopiga siku ile ya zawadi ya mama yake, akayatenga majani kwa vidole vyake vile vya kazi, akashuka navyo taratibu mpaka shinani. Akazungusha chungu. Akainama akachungulia tena, kinyozi anamtazama.

"Nani kakwambia anakufa?" akasema. "Huyu amejifungua."

"Amefanya nini?"

"Njoo uone. Mtoto huyu hapa." Na kweli, pembeni ya shina, kijani kibichi, kimebana majani yake madogo, kilikuwapo kichipukizi, tayari na kikombe chake kidogo katikati. "Ngoja," akasema mkunga, akapeleka kidole upande wa pili. "Ngoja kwanza. Mapacha."

Kinyozi akaingiza kichwa chini ya majani, akamwona wa kwanza, akamwona wa pili. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Na mama yao?"

"Mama yao amechoka. Nguvu zake zote amewapa wao. Naiona hali hii kila siku, mume wangu, haikuwa kosa lako." Akamshika bega. "Umewalea vizuri."

Enyi waandishi wa tarehe, mnaohifadhi siku ambazo falme zilisimama na falme zilianguka, chovyeni kalamu muandike na hii, tena kwa herufi kubwa. Andikeni kwamba asubuhi hiyo, katika sebule ya kawaida, mkunga alisimama, akapiga mwayo, akasema, "Mimi naingia kulala. Watoto nakuachia wewe." Andikeni kwamba alikwenda mpaka mlango wa chumbani, akaufungua, akaingia, wala hakugeuka kutazama. Naye kinyozi akatia maji kidogo katika kila kikombe, akaweka jagi chini, akaondoka. Na mkewe akalala fofofo mpaka alasiri.